Miguu Ishirini na Minane

Watu wengi wakihama huanza kufunga vyombo vya jikoni. Mzee Stoo alianza na mke wake. Siku tatu kabla ya lori kuja alimpangia nguo kwenye mfuko, akazihesabu dawa zake, akamtafutia mto wa kukalia garini, kisha akamkabidhi kwa binti yao kama mzigo unaohitaji kutiwa saini. Alisema hataki mama wa watu apate vumbi. Ukweli ni kwamba hakutaka mtu wa kumwambia "usiweke hapo."

Jina la Stoo alilipata kazini, likamfuata mpaka nyumbani. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mtunza stoo wa karakana ya mabasi, na mafundi walimwogopa kuliko mkurugenzi. Mkurugenzi ungeweza kumpiga porojo akakuelewa, lakini nati moja ikipungua rafu ya tatu, Mzee Stoo alijua kabla hajanywa chai. Alistaafu na barua ya shukrani, saa ya ukutani na ugonjwa wa kupanga vitu. Kabatini kwake soksi zilikaa kwa unene.

Kuhama kwenyewe kulitokana na ngazi. Walikaa ghorofa ya nne, ngazi sitini na nane kutoka barazani hadi mlangoni, na nyonga ya mkewe ilikuwa imekwisha kuzichoka zote. Tangu afanyiwe upasuaji alikuwa ameshuka mara mbili tu, na mara zote mbili kwenda hospitali. Mzee Stoo aliona hayo si maisha. Akaingia mitaani kimyakimya, akatafuta nyumba ya chini, akaipata, akapatana na mwenye nyumba, akarudi na ufunguo mfukoni. Aliuweka mezani mbele ya mkewe, akakaa mkao wa kusubiri sifa.

Mkewe aliutazama ule ufunguo. "Sawa," akasema.

Sasa mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka thelathini na minne anajua kwamba kuna sawa, halafu kuna sawa. Hii ilikuwa ile ya pili. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuja siku ya nne, mama akiwa anakunja nguo. "Nitakuja kuiona hiyo nyumba yako," alisema kwa upole kabisa. "Moyo wangu ukiikubali, nitakaa. Ukiikataa, nitarudi na mtoto kwake, na wewe utakuwa unakuja kunitembelea." Binti yao alikaa mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Mzee Stoo alijaribu kucheka, akakuta anacheka peke yake.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Tangu waoane hakuwahi kuishi bila huyu mwanamke na hakuwa na mpango wa kujifunza uzeeni. Akawaza, akawazua, mwisho akapiga moyo konde na kupata dawa: mkewe ataingia nyumba mpya akute kila kitu pale pale kilipokuwa, kama vile nyumba ya zamani imeshuka ngazi yenyewe. Hatakuwa na cha kukataa. Akachukua futi ya chuma na chaki, akaenda nyumba mpya, akachora sakafuni. Hapa kitanda, hapa kabati la nguo, hapa kochi, vipimo vyote sawasawa na kule, mpaka nafasi ya sentimita tisa baina ya kabati la vyombo na ukuta. Mkewe angefika saa kumi alasiri siku ya kuhama. Kufikia saa kumi kila kitu kiwe kimesimama.

Ndiyo maana hakungoja wafungaji wa mizigo aliowakodi. Kwa siku tatu alifungua vyombo vya nyumba nzima kwa bisibisi yake mwenyewe.

Saa mbili asubuhi ya siku yenyewe, Mama Mablanketi alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vya mwashi, na alikuwa amefunga na kuhamisha nyumba za watu kwa miaka kumi na tisa. Jina lilitokana na mablanketi yake ya kijivu, sabini kwa hesabu, ambayo aliyafua kila wiki kwa mkono wake, maana blanketi lenye mchanga, alisema, hukwaruza kuliko msumari. Nyuma yake walikuja wabebaji wawili. Mmoja alikuwa amemwoa dada wa mwenzake, kwa hiyo waliitana shemeji kutwa nzima, hata wakigombana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni. Kazi mmeikuta imekwisha."

Mama Mablanketi aliingia sebuleni, akasimama. Hapakuwa na kitanda, hapakuwa na meza, hapakuwa na kochi. Kulikuwa na mafungu. Mbao pana zilisimama upande mmoja na mbao nyembamba upande wa pili. Milango ya makabati ililala peke yake na droo peke yake. Kando ya dirisha palikuwa na makopo manne ya maziwa ya unga yaliyojaa skrubu, zimepangwa kwa urefu. Katikati ya chumba, kwenye gazeti safi, yalilala mafurushi mawili ya miguu ya mbao iliyofungwa kamba nadhifu, na kila furushi lina karatasi: MIGUU MIREFU 8. MIGUU MIFUPI 20.

"Kitanda kiko wapi?" aliuliza.

"Kipo. Mbao zake ziko kwenye mbao, na miguu iko kwenye miguu."

"Miguu ipi ni ya kitanda?"

"Miguu ni miguu." Mzee Stoo alisema hivyo bila wasiwasi, kwa sauti iliyokuwa ikiwanyamazisha mafundi wa mabasi. "Vyombo hivi vyote alitengeneza fundi mmoja, kwa mbao moja, mtindo mmoja. Mirefu ni ya meza mbili, ya chakula na ya cherehani. Mifupi ni ya kitanda, kochi, makabati mawili na ile meza ndogo. Jumla ishirini na minane. Imo daftarini."

Mbebaji mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Shemeji, hata kuku hatakubali hilo."

Mama Mablanketi alichuchumaa karibu na furushi, akaligusa kama daktari anayegusa tumbo la mgonjwa. "Mzee wangu, mimi hufungua kitu kimoja kikaisha, ndiyo nifungue kingine. Skrubu zake natia kwenye mfuko, mfuko naufunga kwenye ubavu wake mwenyewe. Juu ya kila mguu naandika: kichwani kulia, kichwani kushoto. Skrubu haiendi kulala kwa jirani."

"Hiyo ni njia ya mtu asiye na daftari."

"Daftari limesema miguu mingapi. Halikusema ya nani."

Mzee Stoo alitabasamu tabasamu la mtu mwenye pensheni. Angeweza kukubali pale pale, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini kukubali mbele ya wageni watatu saa mbili asubuhi hakukuwemo kwenye mwili wake. "Tufunge tu, binti yangu. Muda unakwenda."

Wakafunga. Na lazima tumpe Mama Mablanketi haki yake, kazi aliijua. Kila pembe ya ubao aliivisha kofia ya kadibodi, akaishika kwa selotepu. Mlango wenye kioo aliubandika selotepu kwa mkingamo, akaulaza katikati ya magodoro mawili, asiuache kusimama peke yake. Mzee Stoo alipotaka kuizungushia mbao ya kitanda nailoni moja kwa moja, alimzuia kwa kiwiko. "Blanketi kwanza, nailoni baadaye. Nailoni ikilala juu ya vanishi, jua likipiga, vanishi inatoka jasho, inageuka nyeupe. Halafu mama atauliza nani kaipaka mbao yake uji."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu ambaye hilo alilijua tangu zamani, kisha akageuka pembeni na kuliandika daftarini.

Ngazi sitini na nane zilichukua saa mbili na nusu. Wale mashemeji walishuka kinyumenyume na mgongo wa kochi, wakilaumiana kila kona. Majirani walitoka milangoni kumuaga Mzee Stoo na kumtumia mkewe salamu, na yeye akawaahidi kwa sauti kubwa kwamba wakija kutembea watakuta nyumba ile ile. Alisema hivyo ghorofa ya tatu, akasema ghorofa ya pili, mpaka alipofika chini alikuwa amejiaminisha mwenyewe.

Nyumba mpya ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, yenye madirisha mapana na ua mdogo wa saruji nyuma. Saa sita na nusu lori lilikuwa tupu. Mama Mablanketi alizunguka akitazama michoro ya chaki sakafuni, akaruka ule wa kitanda kwa heshima, kama mtu anayekwepa mkeka wa mwenyewe.

"Tuanze na kitanda," Mzee Stoo aliamuru. "Mama akifika apate pa kulala."

Mbao za pembeni ziliungana bila shida. Mguu wa kwanza uliingia vizuri, boliti likakaza, wote wakapumua. Mguu wa pili uliingia nusu ukagoma. Wakautoa, wakajaribu mwingine. Huo uliingia wote, lakini boliti halikupata tundu. Wa tatu ulipata tundu ila ulisimama umetanuka, kama mguu wa mtu anayekojoa. Mzee Stoo alivaa miwani, akachungulia, na ndipo alipoona jambo ambalo katika miaka yote hakuwa na sababu ya kuliona: yule fundi alikuwa ametoboa kwa jicho. Hakuna tundu lililofanana na lingine. Tundu moja lilikuwa juu kidogo, lingine lilielekea kushoto, lingine lilipinda kama alilitoboa huku anaongea. Kila mguu ulikuwa na pembe yake moja tu duniani, na miguu ishirini ilikuwa imelala sakafuni inafanana kama mapacha.

Hapo stoo ikamtoka mwilini. Karakana ilimfundisha kwamba nati ya basi hili huingia kwenye basi lile. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumbani mambo si hivyo.

"Tujaribu mmoja mmoja," alisema.

Wakajaribu. Shemeji mmoja alishika mguu, mwenzake akashika pembe, Mzee Stoo akashika daftari akiweka alama za vema, na za mkasi kwa kila uliokataa. Ilipofika saa saba na nusu alama za mkasi zilikuwa zimejaza kurasa mbili. Kitanda kilikuwa na miguu miwili, kochi lilikuwa na mmoja, na kabati la nguo, lililosimamishwa kwa matumaini tu, liliinamia ukuta kama mlevi anayetafuta ufunguo. Wakalilaza upesi kabla halijamwangukia mtu.

"Shemeji, huu tulishaujaribu."

"Hatujaujaribu, shemeji. Huo ni ule mwingine."

"Mwingine upi, na yote ni mmoja?"

Mama Mablanketi hakusema "nilikwambia." Wapo watu wangelisema mara tatu na kuongeza kicheko. Yeye alifuta jasho kwa ncha ya blanketi, akauliza, "Mzee wangu, tufanyeje?"

"Tutafute matofali. Tuvisimamishe juu ya matofali, kwa leo tu."

"Sijawahi kuacha kitanda cha mtu juu ya matofali. Tena mama mwenyewe, ulivyoniambia, ana nyonga mbovu?"

Mzee Stoo alikaa juu ya boksi lililoandikwa SUFURIA, akatazama ile chaki. Alikuwa anaogopa. Si aibu ya daftari, hiyo ingepita. Alikuwa anamwona mkewe akisimama mlangoni, akitazama rundo la mbao kama duka la fundi lililobomoka, akisema ile sawa yake, akigeuka na kurudi garini. Na yeye akibaki na nyumba ya vyumba viwili na miguu ishirini na minane.

Bado alikuwa na saa mbili na zaidi. Alikuwa akizihesabu dakika zenyewe gari lilipopiga honi nje.

Binti yao aliingia wa kwanza, macho yakamtoka. "Baba, nilimwambia tungoje. Kakataa. Tangu alfajiri amevaa viatu." Nyuma yake, pole pole, fimbo ikigonga saruji, mkewe akaingia.

Hapakuwa na mahali pa kukaa. Mama Mablanketi aliona hilo kabla ya mtu mwingine. Akavuta boksi la vitabu, akapanga juu yake mablanketi sita yaliyokunjwa mpaka yakafika urefu wa kiti, akalijaribu kwa makalio yake mwenyewe. "Karibu, mama. Hapa hakuyumbi."

Mkewe alikaa. Alitazama ukuta hadi ukuta, akatazama mbao, makopo, mashemeji waliosimama na miguu mikononi kama walinzi. Akatazama sakafu.

"Hii chaki ni ya nini?"

"Ni mahali pa vitu," Mzee Stoo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitaka ukute kila kitu kilipokuwa. Kitanda pale, kabati pale. Usihisi kama umehama."

"Kitanda pale ukutani, mbali na dirisha?" Alikuwa anachungulia mlango wa chumbani uliokuwa wazi.

"Kama kule kule."

"Kule sikukipenda hata siku moja." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Miaka thelathini na minne nimelala uso umeelekea ukutani, kwa sababu siku tunahamia ulikiweka pale ukasema kimekaa vizuri."

Mashemeji waliangalia viatu vyao. Binti alijifanya anasoma karatasi ya MBAO PANA.

"Mbona hukusema?" Mzee Stoo aliuliza.

"Kwani uliniuliza?" Mkewe aliegemeza fimbo gotini. "Nyumba umeitafuta, umeipenda, umechukua ufunguo. Mlango umeupima, kitanda umekipima. Mimi ukanitia kwenye gari na dawa zangu. Sasa niambie, haya makopo ni ya nini, na kwa nini hawa vijana wamekumbatia miguu?"

Zipo siku ambazo mwanamume anaweza kusema uongo akaishi nao. Mzee Stoo aliipima nafasi hiyo, akaona hata uongo wenyewe hauna pa kusimama. Akasema yote. Jinsi alivyofungua, jinsi alivyochanganya, jinsi binti huyu wa mablanketi alivyomwonya saa mbili asubuhi naye akamjibu kwa ujuaji, jinsi kila mguu ulivyo na tundu lake. "Nimevuruga," akamaliza. "Nilitaka iwe tayari ili usiondoke. Nimeogopa sana utaondoka, mama. Ndiyo hivyo."

Binti yake alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akisema nimeogopa, na akajikuta anatazama dirishani ili asilie mbele ya wabebaji.

Mkewe alinyoosha mkono kwa shemeji aliyekuwa karibu. "Nipe huo."

Alipewa mguu. Hakuvaa miwani. Aliupapasa kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini, akasimama kwenye alama ndogo karibu na kisigino. "Huu ni wa meza ndogo, upande wa mlango. Huyu hapa," akamwelekezea binti yake kidevu, "aliota meno juu yake. Gusa."

Binti akagusa. Vijishimo vinne vya meno vilikuwepo, vimejaa vanishi ya zamani.

"Lete mwingine. Huu ni wa kabati la vyombo, ule wa nyuma. Umevimba chini. Maji ya deki yalikuwa yanakimbilia kona ile kila nikipiga, sakafu ilikuwa imeinama. Na huu ni mwenzake, umevimba kidogo zaidi, ndio wa kona kabisa. Lete. Huu kitanda, upande wako, baba yake. Una makovu kwa sababu unavua viatu kwa kuukwaruza, nimekwambia tangu ujana. Huu kitanda, upande wangu. Hauna kitu."

Mama Mablanketi alitoa kalamu ya wino mzito nyuma ya sikio akaanza kuandika. Mashemeji walipanga foleni. Mguu wa kochi ulijulikana kwa doa la dawa ya kikohozi, mwingine kwa kuchubuka pale mfagio ulipopita kila asubuhi. Mmoja wa meza ya cherehani ulikuwa na mistari myembamba kama nywele, mahali alipozoea kufunga uzi ili aukaze. Mingine hakuiangalia hata alama, aliipima kwa uzito kiganjani akasema ilikotoka. Mara mbili alikosea, akaitisha mguu tena, akajirekebisha mwenyewe, na kwa kila alichosema boliti likapata tundu likakaza. Mzee Stoo alisimama na daftari lake lenye idadi sahihi kabisa. Hesabu yake ilikuwa kamili. Ila mkewe ndiye aliyekuwa amepiga magoti mbele ya hiyo miguu kila siku ya Mungu, kitambaa mkononi, miaka yote hiyo, na yeye alikuwa akipita juu yake akiuliza chai.

Na jambo lingine aliliona. Tangu upasuaji, wote walikuwa wakimwambia mama tulia, mama usiinuke, mama acha. Leo alikuwa ameketi juu ya mablanketi sita, watu watano wanakimbia kwa neno lake, na rangi imemrudi usoni.

"Shemeji, huo umeugeuza, nimeuona," mama alisema.

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani mimi, iombe meza."

Hata Mzee Stoo alicheka. Akavua koti, akaingia chini ya kitanda na spana, akakaza boliti mwenyewe akiwa amelala chali, na chaki yote ikamwingia mgongoni. Mama Mablanketi alimtaka radhi akamsogeza kwa mguu, maana alikuwa anakaza kinyume.

Kufikia saa kumi kasoro vitu saba vilikuwa vimesimama juu ya miguu yao. Vilisimama vyote katikati ya sebule, vimebanana kama watu kwenye foleni ya hospitali, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuvisogeza. Mashemeji walikunja mablanketi. Binti alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, anamtazama mama yake, na Mzee Stoo alijua anangoja kuambiwa nini.

Alitamani kusema mengi. Alitamani kusema kwamba dirisha la chumbani linapata jua la asubuhi, kwamba jirani ana bomba zuri, kwamba kutoka mlangoni mpaka barabarani hakuna ngazi hata moja, amehesabu. Yote aliyameza. Akainua meza ya cherehani, ambayo aliweza kuibeba peke yake, akaja nayo mpaka mbele ya mkewe, akasimama ameikumbatia.

"Hii," alisema, "unataka ikae wapi?"

Mkewe alimtazama mumewe usoni.

"Niulize tena," akasema.

"Unataka ikae wapi, mama?"

Alichukua fimbo, akampa binti yake aishike pamoja na zile funguo, kisha akanyoosha mikono yote miwili kwa mumewe ili amwinue.

"Iweke chini hiyo. Nishike twende nikuonyeshe," alisema. "Na kesho nitaanza na jikoni, maana hilo boksi la sufuria nimelikuta linalia chini yako nilipoingia."